Uzoefu wangu: kunasa nyutroni kwa kigunduzi cha kawaida cha gama

Kigunduzi ninachokizungumzia ni kile ambacho maabara nyingi zinacho tayari: fuwele ya iodidi ya sodiamu yenye thaliamu kidogo, inchi 2 kwa inchi 2, ndani ya kopo la alumini. Kimeundwa kwa ajili ya gama, yaani mionzi mikali inayofanana na eksirei, na karatasi yake ya maelezo haigusii nyutroni hata kidogo. Nimekitumia kando ya chanzo cha amerisiamu na beriliamu, kinachotoa nyutroni, kilichozungushiwa parafini (nta inayopunguza mwendo wa nyutroni), na kimenifurahisha kweli.

Nyutroni haina chaji, kwa hiyo haisukumi elektroni zozote ndani ya fuwele. Sharti imezwe kwanza na kiini fulani, halafu kiini hicho kitoe kitu ambacho fuwele inaweza kukiona. Parafini yenyewe inasaidia: hidrojeni ikimeza nyutroni hutoa gama ya keV 2223 (keV ni kipimo cha nishati), na kilele chake kilijitokeza wazi kwenye spektra, yaani grafu ya hesabu kwa kila nishati, bila kutafutwa sana.

Kwa boroni mambo yalikuwa magumu zaidi. Boroni-10 humeza nyutroni za polepole kwa pupa, na mara nyingi huacha gama ya keV 478. Niliweka chombo cha asidi ya boriki mbele ya fuwele. Kilichotokea hakikuwa kilele chembamba bali nundu pana, iliyoegemea kilele cha keV 511 kinachotokea positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, inapokutana na elektroni na zote mbili kutoweka. Fuwele ya aina hii haina ukali wa kuvitenganisha vizuri. Ilibidi nipime tena bila asidi, kisha nitoe spektra moja kwenye nyingine ndipo nundu ikasimama peke yake. Inafanya kazi, lakini inadai subira, na chanzo kisiguswe kati ya vipimo viwili.

Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji kuongeza chochote. Iodini iliyomo ndani ya fuwele humeza nyutroni na kugeuka iodini-128, yenye nusu-maisha (muda wa kupungua hadi nusu) ya dakika 25. Unaiacha fuwele karibu na chanzo kwa saa moja au mbili, unaipeleka mbali, ndani ya kinga ya metali ya risasi, kisha unahesabu. Beta, yaani elektroni zinazorushwa na iodini-128 inapooza, zinazaliwa ndani ya fuwele yenyewe, kwa hiyo karibu kila moja inaonekana, na mtawanyiko wao unafika karibu keV 2100. Nilikaa nikitazama kasi ya hesabu ikishuka: baada ya dakika 25 ziada juu ya mionzi ya mazingira ilikuwa imebaki takriban nusu, na baada ya 25 nyingine, robo. Gama za chanzo hicho hazina nguvu ya kuigeuza iodini namna hii. Ukiuona mteremko huo, nyutroni zilikuwepo, na hakuna haja ya kubishana kuhusu umbo la spektra.

Mapungufu yapo, na ni makubwa. Iodini ina eneo la kumeza (kipimo cha uwezekano wa kunasa nyutroni) la bani 6 hivi kwa nyutroni za polepole, ilhali heliamu-3, gesi ya vigunduzi maalumu vya nyutroni, ina zaidi ya 5300. Kwa chanzo dhaifu utasubiri sana na pengine usipate kitu. Pia jibu linakuja kwa kuchelewa, kwa hiyo tafadhali usikitumie kulinda afya ya mtu. Kwa kazi hiyo tafuta kipimo cha nyutroni kilichosawazishwa. Kwa kufundishia na kuthibitisha, nakipendekeza bila kusita.

Jambo moja la kuzingatia kabla hujakirudisha kabatini: sodiamu ya fuwele nayo humeza nyutroni na kugeuka sodiamu-24, yenye mionzi. Sodiamu-24 ina nusu-maisha ya saa 15 na gama za keV 1369 na 2754, hivyo fuwele ikikaa sana karibu na chanzo chenye nguvu, iache ipumzike siku chache kabla ya kupima sampuli hafifu. Wenye fuwele ya iodidi ya sesiamu watakutana na sesiamu-134m (herufi m ni alama ya kiini kilichobaki na nishati ya ziada), inayopungua nusu kila baada ya saa 2.9 na kuonekana kwenye keV 127.