Mbabula ya udongo katika nyumba yenye watoto wadogo

Mama anayepanga matumizi ya nyumba hapa Lubumbashi hukutana kila asubuhi na mambo matatu yasiyokubali kuahirishwa: unga, kitoweo na makala, yaani makaa ya kupikia. Unga ukipanda bei, meka moja (kipimo cha unga sokoni) hugawanywa kwa uangalifu zaidi. Samaki wakikosekana, lengalenga au matembele hushika nafasi yao. Makala hayana mbadala siku ambayo umeme umekatika, na nyumba yenye watoto wadogo haiwezi kukaa bila moto, kwa sababu kuna uji wa asubuhi, kuna maji ya kuogea, kuna vyombo vya mtoto vya kuchemshwa, na kuna bukari, yaani ugali, ambayo haina budi kuwa mezani watoto wakubwa wanaporudi kutoka shuleni. Kwa hiyo ninapoitathmini mbabula, yaani jiko la makala, yenye udongo ndani, niliyoinunua kwa fundi wa bati mwanzoni mwa majira ya mvua na kuitumia mfululizo hadi baridi ya kiangazi ilipokwisha, ninapima pia fungu zima la bajeti ya nyumba.

Nje, mbabula hii ni bati nene lililobanwa kiuno katikati. Ndani yake kuna chungu cha udongo uliochomwa, chenye matundu chini ambamo majivu hudondoka, na kati ya udongo na bati fundi hushindilia mchanganyiko wa majivu na saruji ili joto lisitoroke. Chini kabisa kuna mlango mdogo wa kupitishia hewa. Umbo hili lilienea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa huko wakiwa wamechukua mfano katika majiko ya ndoo ya Thailand, na tangu hapo limeigwa katika miji mingi ya Afrika. Mbabula tuliyoizoea, ile ya bati tupu lililotobolewa pande zote, hupoteza sehemu kubwa ya joto ubavuni, na makala huwaka kwa nguvu ileile mpishi atake asitake, kwa kuwa hewa huingia kila upande.

Je, mbabula ya udongo inapunguza makala kweli? Inapunguza. Vipimo vilivyofanyiwa majiko ya aina hii hutaja upungufu wa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu, na wauzaji hupenda kutaja ile nusu. Kwangu upungufu umekuwa karibu na theluthi: gunia ambalo lilikuwa likiisha kabla ya mwezi kwisha, sasa linavuka na kuingia katika mwezi unaofuata. Theluthi hiyo inatosha kuonekana kwenye daftari la matumizi, hasa kwa familia ambayo mshahara au mapato ya biashara huja kwa vipande.

Faida iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna chombo hiki kinavyobadilisha ununuzi wenyewe. Mama anayenunua makala kwa mifuko midogo ya plastiki kando ya lupangu (kiwanja cha nyumba) lake hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko yule anayenunua gunia zima, na wote wawili wanalijua jambo hilo. Kinachomzuia wa kwanza ni kwamba bei ya gunia haikusanyiki mkononi mwake kwa siku moja. Mbabula ikianza kula kidogo, ule mfuko wa jioni haununuliwi tena, na fedha yake ikiwekwa kando kila siku hufikia bei ya gunia bila kukopa kwa jirani. Mimi niliharakisha mambo kwa kutumia zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa upatu, kununua magunia kabla ya mvua za kwanza. Ninawashauri wenzangu wafikirie hilo, kwa kuwa mvua zikishika, malori na baiskeli zinazoleta makala kutoka vijijini, kwa barabara ya Kasenga na nyinginezo, hukwama katika matope, bei hupanda, na yanayofika sokoni mara nyingi yamelowa. Makala mabichi hulipiwa uzito wa maji, kisha hula muda wa kuwaka.

Sasa nieleze mahali ambapo mbabula hii inashinda na mahali ambapo haishindi, maana wanaoisifu bila kubagua huwapotosha wanunuzi. Inashinda katika vyakula vya muda mrefu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa na kuwekwa mapya, huchemka kwanza mlango ukiwa wazi. Yakishachemka, unafunga mlango karibu wote, unafunika sufuria, na yale makala machache yanaendelea kutoa joto la taratibu hadi maharagwe yaive, bila kuongeza hata kipande kimoja. Sombe nayo ni hivyohivyo. Kuhusu sombe ningependa akina mama wenye watoto wadogo wasichanganye kubana makala na kufupisha mapishi: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ambayo hupungua kwa kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda wa kutosha, sufuria ikiachwa wazi mwanzoni. Mbabula ya udongo inatuwezesha kuchemsha sombe kwa muda unaostahili bila kuhesabu hasara, na hilo peke yake lina thamani kwa afya ya watoto.

Haishindi unapotaka chai ya haraka. Udongo wenyewe lazima upate moto kwanza, na kabla haujapata moto sufuria hungoja. Mwenye kutaka maji ya moto ya kikombe kimoja ataona kwamba mbabula ya bati tupu, au resho ya umeme siku ambayo umeme upo, humaliza kazi mapema zaidi. Nyumbani tumezoea kupanga mapishi yafuatane juu ya moto mmoja: uji, kisha maji ya kuoga, kisha maharagwe ya mchana yanayobaki juu ya makala yaleyale wakati mimi nikifua. Anayewasha moto mara kwa mara kwa kazi ndogondogo hatapata ile theluthi ninayoitaja. Kuwasha nako kunahitaji subira: magunzi ya mahindi yaliyokauka na vijiti vyembamba vinatosha, na ninasisitiza kwamba plastiki isitumike, kwa sababu moshi wake ni sumu na watoto ndio wanaokaa karibu zaidi na ardhi, wakiuvuta.

Jambo lililonisumbua mwanzoni ni bukari. Anayesonga bukari ya familia anajua kwamba mwiko husukumwa na kuvutwa kwa nguvu za mabega, na sufuria hutaka kuondoka mahali pake. Mbabula hii, kwa kile kiuno chembamba, huyumba ikiwa kitako chake ni kidogo, na katika nyumba ambamo mtoto anayetambaa anaweza kufika jikoni wakati wowote, mbabula inayoyumba haikubaliki hata kama ingekula makala robo. Niliirudisha kwa fundi, akaichomelea kitako kipana cha chuma na vishikio viwili vya kukanyagia, na tangu hapo imesimama imara. Ningependa mafundi wote waitengeneze hivyo tangu mwanzo. Kwa upande wa kuungua, ubavu wake hauchomi vikali kama ule wa mbabula ya kawaida, kwa kuwa udongo huzuia joto. Hata hivyo bati la nje hupata moto wa kutosha kuumiza ngozi ya mtoto, na udongo hukaa na moto muda mrefu baada ya makala kuwa majivu, wakati ambapo mtu mzima amekwisha kusahau. Sisi tumezungushia jiko matofali, na watoto wamefundishwa kwamba hayo ndiyo mwisho wa njia yao.

Kuna hatari nyingine ambayo mbabula hii haiipunguzi, na pengine huiongeza kwa sababu ya uzuri wake wa kutunza moto. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, hivyo kishawishi cha kuingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto ni kikubwa. Makala yanayofifia hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua familia nzima ikiwa usingizini, madirisha yakiwa yamefungwa. Ninaomba kwa dhati kwamba mbabula ibaki nje, au chini ya paa lililo wazi pande zote, na watoto waongezewe blanketi.

Upande wa msitu nitauongelea kwa ufupi, ingawa unanigusa. Katika matanuru ya udongo yanayotumika vijijini, kilo moja ya makala hugharimu kilo 5 hadi 10 za kuni, na kuni hizo zinatoka katika miombo inayouzunguka mji huu, ambayo kila mwaka inazidi kusogea mbali nasi. Umbali huo tunaulipia katika bei ya gunia. Theluthi inayobaki kwangu ni miti ambayo haikukatwa, na ninafurahi kuweza kuwaeleza watoto wangu jambo hilo.

Kuhusu uimara, maoni yangu ni mchanganyiko. Bati limevumilia vizuri. Udongo umepata ufa mwembamba tangu siku ambayo mboga ilichemka na kumwagika juu ya moto mkali, lakini haujaachana. Maji ndiyo adui wake mkubwa: makala yasizimwe kwa kumwagiwa maji ndani ya mbabula, bali yatolewe kwa koleo na kuzimwa ndani ya kopo lenye kifuniko, nayo yatatumika tena kesho. Mbabula yenyewe ni nzito, na mama mjamzito au aliyejifungua karibuni asiibebe peke yake.

Anayetaka kununua achunguze kabla ya kutoa fedha. Sokoni kuna zinazofanana nayo kwa nje, lakini ndani fundi amepaka saruji tupu, ambayo hupasuka na kubanduka baada ya muda mfupi. Udongo uliochomwa vizuri una rangi moja na hulia kwa sauti safi ukigongwa kwa kidole, na mlango wa hewa unatakiwa kufunga bila kuacha nafasi. Ukubwa uchaguliwe kwa kufuata sufuria unayoitumia kila siku, kwa kuwa mbabula kubwa chini ya sufuria ndogo hurudisha ule upotevu tuliotaka kuukimbia. Yangu, ambayo ni ya ukubwa wa kati na inatosha familia yenye watoto wadogo, niliilipia karibu mara tatu ya bei ya mbabula ya bati tupu, na bado fedha hiyo haikufikia bei ya mfuko wa unga wa kilo 25. Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kurudi kabla mvua hazijakatika. Muulize pia fundi kama anauza chungu cha ndani peke yake, kwa sababu bati hudumu kuliko udongo, na mwenye kupata chungu cha kubadilisha hatalazimika kununua mbabula nzima upya.