Fiji kwa kupima mtandao wa kapilari: programu hodari, lakini haijui mshipa ni nini

Nyota 4 kati ya 5. Anayetaka kuhesabu kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, kwenye picha za hadubini aanze na Fiji. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Unaipakua mara moja, unaifungua kutoka kwenye folda lake, hata kwenye flashi, na baada ya hapo intaneti ikikatika kazi inaendelea. Ndani yake ni ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani.

Chukua mfano wa utando wa yai la kuku, siku ya 10 ya kuatamiwa, uliolazwa kwenye slaidi. Tenganisha rangi tatu za picha, kisha bakiza ya kijani. Hemoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, hunyonya sana mwanga wa kijani, kwa hiyo mishipa hutoka myeusi na wazi kuliko kwenye picha nyekundu.

Kipimo ndicho kinachoharibu kazi nyingi. Piga picha ya slaidi yenye rula ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kwa lenzi ile ile na kamera ile ile. Ikiwa milimita 1 imechukua pikseli 1,550, kila pikseli ni mikroni 0.645 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kapilari ya mikroni 7 itakuwa na upana wa pikseli 11 hivi. Upana ukishuka chini ya pikseli 3, badilisha lenzi. Picha za simu iliyoegemezwa kwenye hadubini hazifai kwa vipimo, maana ukikuza kidogo tu kipimo kimebadilika. Na tafadhali, picha isipite WhatsApp: hubanwa, kingo za mshipa huchakaa, na kila kichakazo huja kuhesabiwa kama tawi. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyoharibu picha.

Baada ya kusawazisha mwanga na kulainisha kidogo (sigma, yaani kiwango cha kulainisha, iwe 1 au 2; ukizidisha, mishipa jirani huungana), geuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu. Hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Amri ya Skeletonize (2D/3D), inayokondesha mshipa hadi mstari wa pikseli 1, inataka mishipa iwe nyeupe juu ya weusi. Ukikosea, inachora mistari ya nafasi zilizo katikati ya mishipa, inakupa jedwali safi kabisa, wala haikuonyi. Lazima ulaze mistari hiyo juu ya picha ya asili uitazame kwa macho.

Kisha Analyze Skeleton inatoa idadi ya matawi, maungio (mahali matawi yanapokutana) na urefu wa kila tawi. Kuna kisanduku cha kupogoa ncha, usikiguse. Kinafuta kila tawi linaloishia hewani, refu kwa fupi, na kwenye utando wa yai hayo ndiyo machipukizi mapya unayoyatafuta. Bora ufungue jedwali la matawi, uondoe matawi ya ncha yaliyo mafupi kuliko upana wa mshipa wenyewe. Ungio lenye mikono minne nalo litilie shaka, kwani mara nyingi ni mishipa miwili iliyopishana, mmoja juu ya mwingine.

AngioTool, iliyotoka 2011 kutoka taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, ni nyepesi zaidi kwa anayeanza na hukupa wingi wa mishipa na maungio kwa mibofyo michache. Lakini kosa likitokea, Fiji inakuruhusu kurudi hatua moja moja hadi ulione.

Kwa maabara za Tanga kuna jambo la ziada. Unyevu wa bahari, hasa upande wa Raskazone, huotesha kuvu kwenye vioo vya hadubini, na nyuzi za kuvu hutoa matawi kama kapilari. Kila asubuhi piga picha ya slaidi tupu. Nyuzi zikionekana mahali pale pale, safisha kioo kwanza, na usiku hifadhi lenzi kwenye kasha lililofungwa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.