Nimebadilisha diski tu, laptopu imekuwa nyingine

Naanza na uamuzi wangu, sababu zitafuata: katika pesa zote nilizowahi kutumia kwenye kompyuta, hakuna zilizonifaa kama hizi za kununua SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka. Laptopu yenyewe ni ya mwaka 2014, prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8, na ndani ilikuja na diski ya kuzunguka, HDD ya GB 500. Watu walikuwa wananishauri niachane nayo ninunue mpya. Mimi sikuona sababu. Kibodi yake inaandikika vizuri kuliko nyingi za siku hizi, kioo hakina doa, na hakuna kilichokufa.

Kilichokuwa kinanikera ni uzito wake wa kufanya kazi. Ukiiwasha, picha ya mbele inatokea mapema tu, lakini huwezi kufanya lolote kwa dakika kadhaa. Unabofya brauza, haifunguki. Unabofya tena, halafu zinakuja mbili kwa pamoja. Nikifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika kiasi gani, nilikuta hali ile ile kila mara: prosesa inatumika kidogo, RAM ina nafasi, ila diski imefika asilimia 100 na haishuki. Prosesa haikuwa imechoka, ilikuwa inasubiri diski.

Na kusubiri huko kuna hesabu yake. Ndani ya HDD kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea kwenda kusoma mahali data zilipo. Diski yangu ilizunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kwa wastani unasubiri nusu ya mzunguko ili data zifike chini ya kichwa, na hapo hujaweka muda wa kichwa chenyewe kusogea. Data zikiwa zimetawanyika, diski ya namna hii haifikishi hata usomaji mia moja na kitu kwa sekunde. Sasa fikiria Windows inapowaka, inahitaji maelfu ya faili ndogondogo zilizo huku na kule. Ni kama kuokota shanga zilizomwagika nyumba nzima, moja moja. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea. Data zimo kwenye chipu, na kuifikia yoyote kunachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde.

Ndiyo maana nasisitiza watu wasiangalie tu ile namba kubwa ya MB kwa sekunde iliyoandikwa kwenye boksi. Kwenye kunakili faili moja kubwa, SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski, ndicho kilichomo kwenye laptopu yangu) inaishinda HDD kama yangu kwa mara tano hivi. Kwenye faili ndogo zilizotawanyika inaishinda kwa makumi ya mara, wakati mwingine mamia, na huko ndiko kompyuta inakoshinda siku nzima.

Nilichagua Crucial MX500 ya GB 500, ya inchi 2.5. Ilinivutia kwa dhamana ya miaka 5 na kiwango cha uandishi cha TB 180, yaani jumla ya data inayokadiriwa kuweza kuandikiwa maishani mwake. Ukigawanya, ni kama GB 98 kila siku kwa miaka hiyo 5 yote, na kazi zangu za kuandika, kuhariri picha na kutazama video hazikaribii hata robo ya hapo. Unene wake ni milimita 7, na ndani ya boksi kuna fremu ndogo ya kuiongezea unene ifike milimita 9.5 kama nafasi ya laptopu yako ni pana zaidi. Kwa kasi, mlango wa SATA wa kizazi cha tatu unaishia kwenye MB 550 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kutafuta kitu cha haraka zaidi kwa laptopu kama yangu ni kupoteza pesa. Laptopu mpya zaidi huwa na tundu la M.2, la SSD nyembamba kama kadi, na hapo kuwa makini sana: SSD mbili zenye umbo hilo hilo zinaweza kuwa moja ya SATA na nyingine ya NVMe, ambayo ni njia nyingine ya mawasiliano yenye kasi zaidi, na tundu linalokubali moja si lazima likubali nyingine. Soma maelezo ya modeli yako kabla hujalipa.

Kuhamisha data nilitumia kebo ya kuunganisha diski ya SATA kwenye USB, pamoja na Clonezilla, ambayo ni ya bure. Inanakili diski nzima, Windows ikiwemo, ili mradi diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, ondoa kwanza ufungaji huo na uweke ule ufunguo wa kurejesha mahali salama. Nakala ya mafaili muhimu niliiweka pembeni kabla sijagusa chochote. Kunakili kulichukua muda, maana mwendo wote ulikuwa wa ile diski ya zamani.

Kufungua laptopu ni kazi ndogo. Zima kabisa, chomoa chaji, toa betri au chomoa waya wake, kisha bisibisi ya nyota. Skrubu zipange mezani kwa mpangilio ule ule zilivyokaa, kwa sababu urefu wake haulingani, na ndefu ikiingia penye fupi inaweza kutoboa upande wa pili. Diski ya zamani inatoka na kibebeo chake, unaihamishia SSD kibebeo hicho, unairudisha.

Basi, nikawasha. Pale palipokuwa panachukua dakika tatu hivi mpaka niweze kufanya kazi, sasa ni sekunde zisizofika ishirini, na nikibofya kitu kinafunguka. Kilichonifurahisha zaidi ni sasisho za Windows, ambazo zamani zilikuwa zinaniharibia asubuhi nzima. Ule mkwaruzo wa diski haupo tena, na mtikisiko mdogo chini ya kiganja umeisha. Chaji inakaa zaidi kidogo, lakini si kiasi cha kununulia SSD.

Yapo ambayo hayakubadilika. Kutoa video iliyohaririwa kunachukua muda ule ule, maana hiyo ni kazi ya prosesa. Intaneti ni ile ile. Na mwenye RAM ya GB 4 ataona nafuu kubwa, lakini akifungua kurasa nyingi bado atakwama. Ningemshauri aweke SSD na aongeze RAM pia.

Baada ya kufunga, nilihakikisha TRIM inafanya kazi. Hii ni amri inayoiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa, na Windows inayo tangu Windows 7. Ukiandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) na jibu likawa 0, ipo sawa. Ila ujue upande wake wa pili: faili ukiifuta kwenye SSD yenye TRIM, uwezekano wa kuirudisha ni mdogo mno kuliko kwenye HDD. Tena HDD mara nyingi hulia na kukwaruza kabla ya kufa, SSD inaweza kuzima ghafla. Kwa hiyo ile diski ya zamani nimeitia kwenye kasha la USB, na nakala zangu zinakwenda huko. Programu za kupanga upya diski, zile za defragi, usizitumie kabisa kwenye SSD, zinaichosha bure.

Ningekuwa nanunua leo, ningechukua ya TB 1. Windows inaisoma hii yangu kama GB 465, na picha zangu zimeshaanza kuijaza, wakati SSD inataka ibaki na nafasi ya kutosha ili isipoteze kasi.