Ampu za butiki: kabla hujalipa, zungusha nobu ya besi

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale, mtu kanunua ampu ya gita ya butiki, yani ya karakana ndogo, ya bei kali, kuiwasha nyumbani sauti imejaa besi mpaka noti hazisikiki, akigusa nobu kidogo tu imekonda yote. Watts na spika kila mtu anaulizia, sirudii. Leo nobu tu.

Ampu nyingi za hivi zinafuata saketi ya Fender ya miaka ya 60, na humo trebo (sauti za juu), midi (za kati) na besi (za chini) hazijitegemei. Zinapunguza tu, haziongezi kitu, ndo maana Twin Reverb ya Fender ukishusha zote tatu hadi 0 inakaribia kunyamaza kabisa. Trebo ndo inatawala, ukiipeleka mwisho hizo nyingine mbili zinabaki karibu mapambo. Sasa fundi akifunga potenshiomita (kile kipande kinachozungushwa na nobu) isiyofaa kwenye besi, mabadiliko yote yanaishia kati ya 0 na 2, kuanzia 3 hadi 10 unazungusha bure, na hii kasoro hakuna anayeitaja!! Kuipima ni rahisi: trebo na midi weka 5, piga uzi mnene kabisa, panda na besi polepole toka 0. Ukisikia besi inaruka ghafla halafu haibadiliki tena, achana nayo.

Kwa upande wa nobu, ampu namba moja kwangu ni Matchless DC-30, na sifichi kwamba nawapendelea. Chaneli moja ina besi na trebo za kawaida, ile nyingine yenye valvu ya EF86 ina swichi ya toni ya hatua 6, kila hatua inabadilisha kiasi cha besi kinachopita, yani hakuna sehemu iliyokufa. Halafu kuna nobu ya Cut, kitu walichorithi kwa ampu ya Vox AC30, inafanya kazi upande wa pawa, yani hatua ya mwisho ya kukuza sauti, na inaenda kinyume na wengi wanavyodhani: ukipandisha, makali yanapungua. Ukiona unawachoma wenzio masikio unagusa hiyo tu, trebo unaiacha ilipo.

Mbili, Dr. Z Maz 18. Nayo ina Cut, pamoja na trebo, midi na besi. Nzuri sana, ila hizo tatu bado zinavutana.

Tatu, Two-Rock. Sauti safi ya hatari, lakini swichi ni nyingi na mtu asiye na subira atazichukia.

Nne, Carmen Ghia ya haohao Dr. Z, volumu na toni basi.

Za bei rahisi? Zipime hivyohivyo, ikifaulu chukua.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Ampu yenye swichi ya bright (ya kung'arisha sauti) wanakupigia volumu ikiwa chini, inang'aa kweli, kumbe kapasita yake inafanya kazi hukohuko chini, ukipandisha volumu jukwaani mng'ao unapotea na we ushalipa. Kuna mmoja nilimuuliza besi imefungwa potenshiomita gani, linia (inayobadilika sawasawa) au logi (inayoanza polepole), akanijibu "hii imeungwa kwa mkono dada", akanionyesha picha za waya zilivyopangwa vizuri, nikauliza tena akaanza kunisifia rangi ya boksi. Potenshiomita ni kitu cha bei ya kutupa ukilinganisha na bei ya ampu yenyewe, alafu hiyohiyo ndo wanabania, na bei kila mwaka inapanda.