Nilikuwa upande wa Tom mpaka nikairudia mara ya pili

Mimi si mtu wa muvi za mapenzi wacha niseme mapema. Hii 500 Days of Summer, ya 2009, niliipata kwa yule jamaa wa muvi hapa mtaani Roysambu, Nairobi, nilimpelekea flashi anijazie za ngumi akaniongezea na hii bila kuulizwa, eti "hii itakufaa bosi, naona umekonda siku hizi". Sikujua habari zangu zimefika hadi huko.

Nikaiwasha Jumamosi, mvua inanyesha, bando limeisha. Mwanzo tu kuna sauti inakuambia wazi kwamba hii si hadithi ya mapenzi, na mimi kama mjinga nikapuuza. Tom, yule Joseph Gordon-Levitt, kazi yake ni kutunga maneno ya kadi za pongezi huko Los Angeles, wakapendana na msichana wa kazini, Summer... hapana, yeye ndiye alipenda, Summer alikuwa anafurahia tu. Na dada hakumficha! Wako IKEA wanajifanya wana nyumba yao, wanafungua bomba halitoi maji, wanacheka, na hapo hapo anamwambia hatafuti kitu siriasi. Jamaa anajibu sawa. Kuna asubuhi anatoka nyumbani anacheza densi barabarani na watu wote, mpaka ndege wa katuni anamjia, nilicheka sana kwa sababu kuna siku niliandikiwa tu "sawa dear" nikashuka matatu bila kudai chenji.

Lakini ile sehemu ya pati kwa Summer ndiyo ilinimaliza. Skrini inagawanyika, huku yale aliyotarajia, huku yale yanayotokea kweli, unamwona ameshika glasi peke yake huku upande wa pili anapigwa busu. Mimi nilibeba keki magotini kutoka mjini hadi Rongai kwa msichana niliyempenda, jamu yote ile ya Lang'ata Road nimeikumbatia kama mtoto mchanga, kufika mlangoni nakuta viatu vya mwanaume, saizi kubwa kuliko yangu, na mwenyewe yuko ndani anakata vitunguu. "Karibu ndugu, keki weka hapo tu." Kisha nikatambulishwa, huyu ni kama kaka yangu.

Mara ya kwanza nilimtukana Summer hadi mwisho. Nilipoirudia Jumapili nikaanza kuona sura yake, kila mara Tom akiongea yeye anaangalia kando, na Tom haoni kwa sababu anajiangalia yeye mwenyewe anavyopenda. Hapo niliisimamisha kidogo nikapika chai.

Kasoro zipo. Siku zinarukaruka, uko siku ya 290 mara umerudi ya kwanza, ukienda jikoni ukirudi umepotea. Halafu Summer mwenyewe hatupewi upande wake, ungependa kujua alikuwa anafikiria nini. Na ule utani wa mwisho wa jina la yule msichana mwingine, Autumn, yaani majira yanayofuata Summer, ulinipita kabisa, sisi hapa tunajua mvua na baridi ya Julai, hayo majira mengine ilibidi nielezwe na dadangu.

Naipa nane kwa kumi. Nilirudisha flashi nikamwambia safari hii za ngumi tu. Akaitoa kwa kompyuta, akaniangalia, "na yule wa Rongai vipi?" Yaani hata mtaa anaujua.