Muhogo wako unaumwa: Nuru au bwana shamba?

Simu au bwana shamba? Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, ni ya bure, inaongea Kiswahili na hukagua jani hata pasipo mtandao. Ukishaipakua, unahitaji simu ya Android na chaji tu. Bwana shamba wa serikali naye hakutozi ada, lakini mafuta ya pikipiki mara nyingi yanakuangukia wewe, na kata nzima inamgombea.

Kwa ugonjwa wa batobato, mara nyingi simu inatosha: majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano hayajifichi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio wenye hila. Shina laweza kuonekana zima huku mizizi imeoza ndani, na kamera haioni chini ya udongo. Bwana shamba mzuri atang'oa, akate mzizi, aulize mbegu, yaani pingili za kupanda, ulizitoa wapi. Swali hilo, kwangu, lina thamani kuliko picha kumi.

Uko mbali na ofisi ya kata na unataka kukagua kila wiki? Anza na Nuru. Unachagua pingili za msimu ujao? Mtafute mtu.