Hitomi au XRISM?

Eksirei za angani hazifiki ardhini, maana angahewa huzimeza. Ndiyo sababu Japani huzifuata huko huko juu. Hitomi, setilaiti yake iliyorushwa Februari 2016, ilisheheni: darubini za eksirei laini na kali, hata kifaa cha miali ya gama. Haikumaliza miezi miwili. Mfumo wa kuielekeza ulikosea, ikazunguka kama pia hadi ikakatika vipande. Lakini kabla ya hapo ilipima gesi ya kundi la galaksi la Perseus na kuikuta imetulia kuliko ilivyodhaniwa: msukosuko wa takriban kilomita 164 tu kwa sekunde. (Tu! Huko ndiko kutulia.)

XRISM, setilaiti iliyorushwa Septemba 2023, ni mdogo wake mwenye vifaa viwili. Kimoja, Resolve, hupozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi (baridi isiyoweza kupitwa), ili kihisi joto dogo linaloachwa na kila fotoni, yaani chembe moja ya eksirei. Kifuniko chake kiligoma kufunguka, hivyo eksirei nyingi zenye nishati ndogo hazipiti. Hata hivyo ningeichagua XRISM: mwenzake ilikuwa na vifaa vingi zaidi, ila hii ndiyo iliyodumu ikipima.